Mbona Mmea Wangu Hauzai? Tutafute Ulipokwama, Kuanzia Mbegu hadi Mbegu

Mtoto mmoja wa darasa langu alikaa siku kumi na mbili akimwagilia kikopo cha yogati. Kila asubuhi aliingia darasani, akaenda moja kwa moja dirishani, akachungulia, kisha akarudi kwenye dawati lake kimya. Wenzake walikuwa na miche yenye majani mawili mawili. Siku ya kumi na tatu tuliumwaga udongo juu ya gazeti tukatafuta. Maharagwe yake yalikuwa yamegeuka uji. Nikamwuliza aliyatoa wapi.

"Kwa sufuria, Mwalimu. Mama alikuwa anapika githeri."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka. Lakini kosa lake halikuwa la kijinga. Haragwe lililochemshwa kidogo na haragwe lililolowekwa usiku kucha hufanana kama mapacha: yote yamevimba, ganda limelainika, rangi imefifia. Moja ni hai, jingine limeiva. Tangu siku hiyo mtoto akiniambia mmea wake umekataa, sikimbilii kumwambia aongeze maji. Namwuliza umekataa wapi.

Fikiria matatu inayotoka Kayole kwenda mjini. Isipofika, hujui kama imeharibika injini au iko kwenye foleni mpaka ujue imesimama kituo gani. Mmea wa maua nao una vituo vyake: mbegu inaamka, mche unatoka, mizizi na shina na majani yanajengeka, maua yanachanua, chavua inafika inakotakiwa, ua linageuka tunda, halafu mbegu mpya inaondoka nyumbani. Hapa chini nimepanga malalamiko ninayoyasikia kila muhula kwa kufuata vituo hivyo. Tafuta lako.

"Mwalimu, yangu haijatoka"

Kwanza, ulipanda lini? Maharagwe hutoka ardhini baada ya siku sita hadi kumi hivi kukiwa na joto. Julai hapa Nairobi, jua linapojificha juma zima na sisi tunaingia darasani na sweta mbili, yanaweza kumaliza wiki mbili yakijivuta. Dania ni mvivu zaidi, na pilipili hoho humaliza wiki mbili au tatu bila haya. Nusu ya watoto wanaoniambia mbegu imekufa walipanda Ijumaa, na siku wanayolia ni Jumatatu.

Wiki mbili zikipita, fukua. Najua umeambiwa usiifukue mbegu, lakini daktari hawezi kukutibu bila kukuangalia. Tumia kijiko, toa mbegu moja polepole, uitazame.

Ukiikuta ngumu na kavu vilevile kama ulivyoipanda, haikupata maji. Ama ulimwagilia juu juu, udongo ukalowa ukucha mmoja tu, ama mgao wa maji mtaani kwenu ulikuzidi.

Ukiikuta laini, inanuka na inateleza, imezama. Hili ndilo kosa la watoto wapole, wale wanaoipenda mbegu yao kiasi cha kuinywesha mara tatu kwa siku. Mbegu inapoamka inapumua, na maji yakijaza nafasi zote kati ya chembe za udongo, hewa haina pa kupita. Kikopo kisichotobolewa chini ni kisima. Toboa matundu matatu kwa msumari, kisha mwagilia pale tu udongo unapokauka ukiugusa kwa kidole.

Ukikuta ganda lenye tundu la duara kama limetobolewa kwa sindano nene, hao ni fukusi. Mdudu aliingia ndani akala akiba na pengine kiinitete chenyewe, yaani kimmea kichanga kilichomo ndani ya mbegu. Kabla ya kupanda, kagua kila punje. Yenye tundu itupe.

Na ukikuta kimzizi cheupe kimechomoza, pole, umeiamsha mapema. Irudishe taratibu, uifunike kwa udongo wa kina cha sentimita tatu, uache. Usihangaike kuhusu upande wa juu na wa chini. Hata ukiipanda kichwa chini, mzizi utapinda uelekee chini na chipukizi litapinda liende juu, kwa sababu mmea huhisi mvuto wa ardhi.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vingi hulipita. Ukiishi Embakasi, Kayole au Donholm unaujua udongo mweusi, ule ambao ukinyeshewa unanata kwenye viatu mpaka unatembea kama umevaa matofali, na ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa. Udongo huo una rutuba, lakini kwenye kikopo ni jela. Ukilowa haupitishi hewa, ukikauka unafanya sakafu ambayo mche hauwezi kuivunja. Mara nyingine nimeinua bonge la udongo huo nikakuta mche umejikunja chini yake kama nyoka, umechoka kusukuma. Changanya na mchanga na samadi iliyooza vizuri, au omba udongo mwekundu kwa mtu anayepanda maua.

Kama unataka kujua mwenyewe mbegu inahitaji nini, chukua vikopo vinne vyenye pamba. Weka maharagwe matano katika kila kimoja. Cha kwanza kiache kikavu. Cha pili kiwe na unyevu tu. Cha tatu kijaze maji mpaka mbegu zizame. Cha nne kiwe na unyevu, lakini ukifiche ndani ya friji, kwa ruhusa ya mwenye friji. Baada ya juma moja hakuna atakayehitaji kukueleza habari za maji, hewa na joto. Utagundua pia kuwa mwanga haukuwa na kazi hapo: haragwe huamka gizani bila shida, ndiyo maana tunalifukia.

Na kabla hujatupa yale uliyoloweka, menya moja. Pembeni kuna kovu, mahali ambapo haragwe lilishikana na ganda la mama yake, kama kitovu chako. Karibu na kovu kuna kitundu kidogo sana. Libinye haragwe lililolowa na utaona tone la maji likitokea pale pale. Sasa ondoa ganda na ufungue nusu mbili nene taratibu. Kwenye ukingo, umejikunja, utauona mmea mzima: vijani viwili vyeupe vilivyobanana na kimzizi chenye ncha. Nusu zile mbili, ambazo huitwa kotiledoni, ni chakula alichofungiwa safari. Ukiliona hilo mara moja huli tena maharagwe bila kukumbuka.

"Imetoka, lakini ni ndefu, nyembamba na ya manjano"

Mmea wako unatafuta jua. Ulikua kwenye ngazi za ploti, au chini ya kitanda, au kwenye roshani inayotazamana na ukuta wa jengo jingine, kama roshani nyingi za mji huu. Mmea ukiwa gizani hutumia akiba yake yote kurefuka, ukitumaini kwamba mwanga uko mbele kidogo. Haujitengenezei kijani kwa sababu kijani kile ni kiwanda cha kutengeneza chakula kwa mwanga, na mwanga haupo.

Hamisha. Lakini usiutoe gizani na kuuweka kwenye jua la saa saba siku hiyohiyo, maana utaungua. Uanze na jua la asubuhi kwa siku tatu nne. Ukiuona unainama upande wa dirisha, geuza kikopo, na baada ya siku mbili tatu utakuwa umegeuka tena. Watoto wangu huchora mstari kwenye kikopo kila siku ili wauone ukigeuka.

"Jana ulisimama, leo umelala"

Gusa shina pale linapotoka ardhini. Likiwa jembamba, la kahawia na laini kama uzi uliolowa, ni ugonjwa wa kuoza shingo. Hauponi. Ng'oa mche huo, punguza maji, na panda mingine bila kuibananisha. Likiwa imara ila majani yamelegea, ni kiu tu. Mwagilia jioni, asubuhi utaukuta wima.

"Majani tele, ua hata moja hakuna"

Hapa swali la kwanza ni umri. Maharagwe huanza kuchanua baada ya wiki tano au sita hivi. Malenge huchukua muda zaidi, na mahindi ya hapa Nairobi, kwa baridi yetu ya mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, hukuchosha kwa kungoja. Mwembe uliopandwa kwa kokwa unaweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Kama umri bado, hakuna kilichoharibika.

Kama umri umefika na mmea umenenepa, una majani makubwa ya kijani kibichi kama wa tangazo, shuku mbolea. Samadi nyingi ya kuku, au mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi, huufanya mmea ujenge majani na kusahau kuzaa. Acha kuilisha. Shuku pia kivuli: mmea wenye mwanga kidogo hukosa nguvu za kutengeneza maua.

Na kuna shina la malenge lililopandwa kwenye gunia ambalo kila jioni mtu huchuma majani yake machanga ya kupikia irio. Hilo halijakataa kuzaa. Mnalila kabla halijafika. Amueni nyumbani kama mnataka mboga au mnataka malenge. Vyote viwili vinawezekana, lakini kwa mkono mwepesi.

Dania ndiyo kinyume cha haya yote. Kukiwa na joto hukimbilia kuchanua kabla hujachuma mara tatu, na akina mama hukasirika. Mimi huwaambia watoto waiache moja. Itatoa vimaua vidogo vyeupe, kisha viduara vya kijani, kisha vya kahawia, ambavyo mama anavitia kwenye pilau. Kila kiduara kikavu ukikivunja kinatoka vipande viwili, na kila kipande kina mbegu yake.

"Maua yapo, lakini yanaanguka"

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo pana utamu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ua halikuumbwa lipigwe picha. Ni mahali pa kazi. Petali zenye rangi ni bango la kuwaita wadudu. Ndani kuna stameni, sehemu ya kiume, yenye unga uitwao chavua. Katikati kuna sehemu ya kike: juu stigma inayonata, chini ovari, na ndani ya ovari viovuli vidogo vinavyosubiri. Chavua ikifika kwenye stigma ya ua la aina yake, tunasema uchavushaji umefanyika. Halafu jambo la ajabu hutokea: punje ya chavua huota. Hutoa mrija mwembamba usioonekana kwa macho, ukashuka ndani mpaka kwenye kiovuli, na hapo utungisho hufanyika. Kiovuli kinakuwa mbegu. Ovari inanenepa, inakuwa tunda. Petali hazina kazi tena, zinaanguka. Kwa hiyo ua likinyauka na kubakisha kitu kinachovimba, shangilia.

Tatizo ni pale kinapoanguka chote. Chukua malenge, kwa sababu maua yake ni makubwa na hayafichi kitu. Nenda saa moja asubuhi, kabla ya shule, maana kufikia adhuhuri yatakuwa yamejifunga. Utaona aina mbili. La kiume lina kikonyo kirefu chembamba, na ndani kijiti kimoja kilichopakwa unga wa manjano. La kike limekaa karibu na shina, na chini yake lina kibofu cha kijani, mfano mdogo kabisa wa lenge. Maua ya kiume kwa kawaida hutangulia, pengine kwa wiki nzima au zaidi. Yakianguka hayajakosea, ua la kiume huishi asubuhi moja tu, likamaliza kazi yake. Nimewahi kumkuta mzazi anang'oa shina zima kwa hasira siku chache kabla ya ua la kwanza la kike kufunguka.

Lakini kibofu kikigeuka manjano, kikasinyaa na kuanguka siku chache baada ya ua kufunguka, hakikuchavushwa. Chavua ya malenge ni nzito na inanata, haipeperushwi na upepo, inahitaji nyuki. Jiulize nyuki wamekwenda wapi. Pengine shina liko ghorofa ya nne na hakuna ua jingine karibu. Pengine mvua ya Aprili ilinyesha asubuhi kucha na nyuki hawakutoka. Na mara nyingi, nasema kwa uchungu, mtu alipulizia dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, akaua vidukari na nyuki pamoja. Mimi sipulizii chochote kwenye ua lililofunguka. Vidukari huwaosha kwa maji ya sabuni jioni, chini ya majani, na kesho yake asubuhi mlango uko wazi kwa nyuki.

Nyuki wakikosekana, uwe nyuki. Chuma ua la kiume lililofunguka leo, bandua petali zake, ubaki na kile kijiti. Kipake taratibu kwenye stigma ya ua la kike, sehemu zote, mpaka uone unga wa manjano umebaki pale. Usifanye haraka haraka. Lenge moja linaweza kuwa na mbegu mia kadhaa, na kila mbegu inahitaji punje yake ya chavua. Ukipaka upande mmoja tu, tunda linaweza kukua limepinda au lianguke lingali dogo. Mwanafunzi wangu mmoja alitumia brashi ya rangi ya kuchorea; ilifaa vilevile, ila alikaa siku nzima na pua ya manjano.

Nyanya ni habari nyingine. Ua moja la nyanya lina kiume na kike pamoja, na chavua imefungiwa ndani ya mirija iliyoungana kama koni. Inahitaji kutikiswa. Upepo hufanya hivyo, na kuna nyuki wakubwa weusi wenye kutoboa mbao ambao hung'ang'ania ua na kutetemesha misuli yao ya kurukia mpaka unga unamwagika. Nyuki wa asali hana ujanja huo. Kama nyanya zako ziko kwenye roshani iliyozibwa, zigonge vikonyo vya maua kwa kidole mchana. Zikiangusha maua Julai, wakati usiku ni baridi sana, usijilaumu, ngoja Septemba.

Maharagwe nayo hujichavusha yenyewe, hata kabla tumba halijafunguka. Yakiangusha maua, tafuta kiu au joto kali, usimtafute nyuki. Na hata mmea wenye afya huangusha baadhi, kwa sababu hauwezi kulea watoto wote.

Hindi kibogoyo

Umelimenya hindi ukakuta punje tatu hapa, pengo, punje mbili kule, pengo, kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Hili nalipenda kwa sababu jibu limelala mkononi mwako.

Zile nywele za hindi ni sehemu ya ua la kike. Kila unywele umeshikana na punje moja, na moja tu. Unga unaotoka kwenye mbelewele juu ya mmea lazima uangukie ule unywele, ndipo punje yake ijazwe. Unywele uliokosa unga ni pengo.

Shule moja ninayoijua ilipanda mahindi kumi na sita kwa mstari mmoja mrefu kando ya uzio, yapendeze. Yalipendeza. Upepo ukachukua unga wote ukaupeleka barabarani. Mahindi hutegemea upepo, kwa hiyo yapande kama darasa lilivyoketi, manne kwa manne, ili popote upepo unapotoka kuwe na jirani wa kupokea. Ukiwa na machache sana, tikisa mbelewele juu ya bahasha asubuhi, kisha nyunyiza unga huo kwenye nywele. Ukame unapopiga wakati wa kuchanua nao huleta mapengo, maana nywele huchelewa kutoka na unga unakuwa umekwisha.

Mbinu ya kupima: siku kama kumi baada ya nywele kutoka, chuma hindi moja, fungua majani yake kwa uangalifu bila kung'oa nywele, uligeuze na kulitikisa. Nywele zilizofanya kazi zitaanguka. Zinazong'ang'ania ndizo zilizokosa. Unaweza kuchora mapengo kabla hayajaonekana.

Mpapai unaochanua kila mwaka na hauzai

Tazama maua yake. Yakining'inia kwa vikonyo virefu vyenye matawi, madogo mengi, huo ni mpapai dume. Utatoa chavua maisha yake yote, papai hapana. Mpapai jike huwa na maua makubwa yaliyokaa karibu na shina, na kuna mingine yenye ua la kiume na la kike pamoja. Jirani yangu aliambiwa apigilie msumari kwenye shina ili uanze kuzaa. Sasa ana mpapai dume wenye msumari. Ukipanda kwa mbegu, panda miche mitatu minne pamoja, ichanue, kisha ubakize jike na dume mmoja wa kuwasaidia wote.

Ua ambalo si ua, na mti usio na maua

Bogenvilia imejaa kwenye kuta za Nairobi, na kila mwaka kuna mtoto anayeniletea tawi lake kama mfano wa petali. Chungulia ndani ya ile rangi ya zambarau au machungwa. Kuna vijitarumbeta vyembamba vyenye kichwa cheupe. Hivyo ndivyo maua. Ile rangi ni majani yaliyojigeuza bango.

Mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, nao unadanganya kwa namna yake. Hakuna aliyewahi kuona ua lake kwa nje, kwa kuwa maua yamo ndani ya kile tunachokiita tunda, mamia yamepangana kuta za ndani, na kijinyigu kidogo sana huingia kwa kitundu cha juu kuyachavusha. Pasua moja changa kwa wembe, ukiwa na mtu mzima, uangalie kwa kioo cha kukuza.

"Tunda langu halina mbegu"

Likiwa ndizi, usiogope. Vile vidoa vyeusi katikati ni viovuli ambavyo havikuwa mbegu. Mgomba wa ndizi za kula hutengeneza tunda bila utungisho, na huzaliana kwa machipukizi yanayotoka kwenye shina la chini ya ardhi. Viazi hufanya hivyo kwa macho yake, viazi vitamu kwa marando, muhogo kwa vipande vya mti wake. Mmea wa namna hii unafanana na mama yake kabisa, kwa kuwa ni mama yule yule amekatwa kipande.

Mbegu haitoi ahadi hiyo. Ukichukua kokwa la avokado tamu uliyokula, ukaliotesha kwenye glasi ya maji kwa vijiti vya meno kama nusu ya wapangaji wa mji huu, mti utakaopata ni mtoto wa wazazi wawili, na baba hukumjua. Matunda yake yanaweza kuwa mazuri, yanaweza kuwa maji matupu. Ndiyo maana wauzaji wa miche hupandikiza kikonyo cha avokado aina ya Hass juu ya shina la mti mwingine. Mahindi ya mbegu chotara nayo ndivyo: ukihifadhi punje zake na kuzipanda tena, hazifanani na zile za mwaka jana, na hilo si kosa la udongo wako.

Mmea umeota mahali ambapo hakuna aliyepanda

Mnyanya kwenye mtaro. Mugumo kwenye ufa wa ukuta, ghorofa ya tatu. Jaribu kuuliza mbegu imevaa nini. Yenye nyama tamu na mbegu ngumu imesafiri tumboni mwa ndege au mtu. Yenye ndoano imesafiri kwa nguo: angalia soksi zako baada ya kupita uwanja wenye nyasi, vile vijiti vyeusi vya kishona nguo vina meno mawili au matatu nchani, na wewe ndiye matatu yake. Jakaranda zikishamaliza kuitandaza barabara kwa zambarau mwezi wa Oktoba, huacha vifuko bapa vya mbao. Fungua kimoja kikavu. Ndani mbegu zimepangwa kama karatasi, kila moja na utando mwembamba kuizunguka. Irushe kutoka juu ya ngazi uhesabu sekunde kabla haijagusa chini.

"Mwalimu, umekufa"

Hili huniletea watoto wenye machozi. Maharagwe yamezaa, na sasa majani yamegeuka manjano, yameanguka, shina limekauka. Wamemwagilia sana wakidhani ni kiu.

Tikisa ganda. Likilia kama kayamba, mmea haukufa kwa kosa lako, ulimaliza. Haragwe ni mmea wa msimu mmoja. Ulikitoa chakula kwenye majani yake yote ukakiingiza kwenye mbegu, ukaacha. Acha kumwagilia, chuma maganda makavu, yapasue. Hesabu: ulipanda moja, umepata ngapi? Zianike juani siku mbili tatu, zichanganye na jivu kidogo la kuni kuwazuia fukusi, zitie kwenye chupa kavu uifunge, uandike mwezi. Mvua za vuli zikianza Oktoba utazipanda.

Ila chupa hiyo ifiche mbali na jiko, kabla Mama hajaitafuta siku ya githeri.